Maji Yaingiayo na Maji Yatokayo: Ziwa Tanganyika na Njia ya Mgunda Mkali

Msafiri aendaye Kigoma kwa gari moshi, akisha kupita Bahi katika nchi ya Ugogo, huona reli ikianza kupanda. Mbele yake pana ukuta wa mwamba uliofunikwa vichaka, na juu ya ukuta huo ndipo ilipo Manyoni. Kusini yake, si mbali, pana Kilimatinde, mahali ambapo Wajerumani walijenga boma lao. Kutoka hapo nchi huwa tambarare, na vichaka vya Itigi huzuia macho kulia na kushoto kwa mwendo mrefu, mpaka mtu anapoingia Unyamwezi. Siku hizi nchi hiyo ni sehemu ya kusini ya Mkoa wa Singida. Watu wa misafara wa karne ya 19 waliiita Mgunda Mkali.

Makala haya yanahusu ziwa, wala si vichaka. Lakini njia iliyowafikisha watu wa pwani kwenye Ziwa Tanganyika ilipita katika vichaka hivyo, na habari za ziwa zilisafiri kurudi pwani kwa njia iyo hiyo, zikichukuliwa si katika vitabu bali katika vinywa vya wapagazi, virangozi na wafanyabiashara. Zilikuwa habari za Kiswahili kabla hazijawa ramani za Kizungu. Mimi naona kwamba makosa mengi yaliyoandikwa juu ya ziwa hilo katika miaka ya uvumbuzi yalikuwa makosa ya kusikia kuliko makosa ya kuona, na kwa hiyo yanamhusu mwanafunzi wa lugha kama yanavyomhusu mwanajiografia.

Tuanze na jina la njia yenyewe. Mgunda ni neno la bara, na maana yake ni shamba. Richard Burton, aliyepita hapo pamoja na John Hanning Speke katika mwezi wa Oktoba 1857, alilifasiri jina hilo kwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya shamba la moto. Tafsiri hiyo ina moto zaidi kuliko jina. Mswahili husema jua kali, mbwa mkali, siki kali na dawa kali, wala katika hayo yote hataji moto. Ataja kitu kiumacho. Kilichowauma watu katika Mgunda Mkali kilikuwa uhaba wa maji na wa chakula. Msafara ulilazimika kwenda upesi, na pumziko kubwa la katikati lilikuwa Jiwe la Mkoa, kijiji cha Wakimbu, ambapo waliweza kupata nafaka. (Jina hilo ni la zamani kuliko mikoa ya serikali, msomaji asilichanganye na mambo ya utawala wa leo.) Burton na Speke walikuwa wameondoka pwani katika mwezi wa Juni, walifika Kazeh, yaani Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba, na wakaliona ziwa tarehe 13 Februari 1858.

Ukuta wa Kilimatinde unastahili kutazamwa mara ya pili, kwa sababu ni dada wa ukuta ulioliumba ziwa. Ardhi ya Afrika Mashariki imepasuka katika mistari miwili mikubwa. Mstari wa mashariki ndio upitao Kenya na kuteremka mpaka katikati ya Tanzania, na mtu asimamaye Kilimatinde akitazama chini Ugogo amesimama ukingoni mwake. Mstari wa magharibi ndio wenye maziwa ya Albert, Edward, Kivu na Tanganyika. Kwa upande wa Singida ardhi haikuzama sana, wala mvua haitoshi. Maziwa yake, Singidani na Kindai penye mji wenyewe, ni ya maji ya chumvi yasiyo na kina, nayo Kitangiri ya Iramba imetandaa juu ya uwanda kama maji yaliyomwagika juu ya sinia. Mtoto aliyekulia kando ya Singidani anajua kwamba ziwa ni kitu kinachoweza kupungua kiangazi mpaka likaacha magadi meupe ukingoni. Kwa mtoto huyo, habari za Tanganyika zinasikika kama ngano.

Kwani Tanganyika lina urefu wa kilometa 673 hivi, na upana wake kwa wastani ni kilometa 50. Uso wake u meta 773 juu ya bahari, lakini mahali penye kina kikubwa kabisa ni meta 1,470. Maana yake ni kwamba sakafu ya ziwa imeshuka karibu meta 700 chini ya usawa wa bahari ya Hindi. Katika dunia nzima ni Baikal peke yake, lililoko Siberia, linalolishinda kwa kina, kwa wingi wa maji na kwa umri. Umri wa Tanganyika wakadiriwa kuwa kati ya miaka milioni 9 na milioni 12, na chini ya maji kuna tope na mchanga uliojikusanya kwa unene wa kilometa kadhaa.

Hata hivyo sehemu kubwa ya maji hayo haina uhai tuujuao. Baikal ni la nchi ya baridi, na maji yake hugeuka juu chini, hewa ikafika sakafuni. Tanganyika ni la nchi ya joto. Maji yake ya juu ni mepesi na hukaa juu, na ya chini hukaa chini. Chini ya meta 100 upande wa kaskazini, na meta 200 hivi upande wa kusini, hewa imekwisha. Dagaa, migebuka, kuhe, na zile jamii za samaki zaidi ya 200 ambazo nyingi hazipatikani kokote kwingine, wote huishi katika utando wa juu tu. Chakula chao hupanda kutoka chini pale pepo za kusi, kuanzia Mei mpaka Septemba, zinaposukuma maji ya juu kwenda kaskazini na kuyafanya ya chini yainuke upande wa pili.

Sasa twende kwenye habari zilizosikiwa. Katika mwaka wa 1845 Chama cha Kijiografia cha Kifalme cha London kilichapa masimulizi ya Lief bin Said, mtu wa Zanzibar aliyekuwa amefika ziwani. Burton aliambiwa kuwa watu wa pwani walianza kufika Ujiji karibu na mwaka wa 1840. Mwaka wa 1852 wafanyabiashara kutoka upande wa Zanzibar walitokeza Benguela, pwani ya Atlantiki, wakiwa wamelivuka ziwa na bara lote. Misafara hiyo ilichukua pembe, na ilichukua watumwa. Ujuzi wa nchi ulipatikana katika biashara yenye dhuluma nyingi, na haifai kuusifu ujuzi na kuificha biashara. Lakini ujuzi ulikuwapo.

Wamisionari wawili, Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, waliujua. Erhardt alikaa Tanga miezi kadhaa akiwauliza watu wa misafara habari za bara. Njia zilikuwa nyingi: moja ya Kilwa, moja ya Bagamoyo, moja ya Tanga na Pangani. Kila aliyeulizwa alisema kwamba njia yake inakwisha kwenye maji makubwa. Wamisionari wakayaunga maji hayo yote yakawa maji mamoja, na ramani yao iliyojadiliwa London mwaka wa 1856 ilionyesha bahari moja kubwa mno katikati ya Afrika, yenye umbo la konokono asiye na gamba. Watu walicheka. Kumbe wasimulizi hawakusema uongo hata mmoja: wa Kilwa alisema Nyasa, wa Bagamoyo alisema Tanganyika, wa kaskazini alisema Nyanza ya Ukerewe. Kilichokosekana ni swali moja tu, yaani kama maji ya huyu ndiyo maji ya yule. Na lugha nayo haikusaidia, kwa sababu mtu wa pwani aonapo maji yasiyo na ng'ambo hulitumia neno bahari bila kufikiri, wala neno hilo halimwambii msikilizaji kama maji ni ya chumvi au baridi, wala kama ni mamoja au matatu.

Ramani hiyo ndiyo iliyowaleta Burton na Speke. Walipofika Ujiji, Burton alikuwa hawezi kutembea na Speke macho yake yalikuwa yameharibika kwa ugonjwa. Swali lao kubwa lilikuwa juu ya mto ulioko kichwani mwa ziwa, upande wa kaskazini, uitwao Rusizi. Kama Rusizi unatoka ziwani kwenda kaskazini, basi Tanganyika ni chimbuko la Nile, na kitendawili cha miaka elfu mbili kimeteguliwa. Kama unaingia ziwani, hakuna kitu. Kitenzi kimoja kilibeba mzigo wote huo.

Katika mwezi wa Machi 1858 Speke alivuka kwa mtumbwi mpaka kisiwa cha Kasenge, karibu na ng'ambo ya magharibi, kumwomba Sheikh Hamed bin Sulayyim dau lake. Dau hakulipata, ila alipata habari: alirudi akisema kwamba Sheikh amemwambia kuna mto mkubwa upande wa kaskazini unaotoka katika ziwa. Burton akafurahi. Wakakodi mitumbwi kwa taabu na gharama, wakaenda mpaka Uvira mwishoni mwa Aprili. Hapo walikuja kuwaona wana watatu wa mtawala wa mahali hapo, vijana waliozaliwa karibu na mto wenyewe, nao wote watatu wakasema: Rusizi unaingia. Na watu waliosimama pale wakawaunga mkono. Ndipo Sidi Mubarak Bombay, mkalimani, aliposema kwamba Speke hakumfahamu Sheikh Hamed. Sheikh alisema habari za maji kuingia, si za maji kutoka.

Na tuisikilize njia ya maneno hayo. Bombay alikuwa Myao, alitekwa utotoni, akauzwa, akakaa India miaka mingi hata akapata uhuru wake. Speke hakujua Kiarabu, na Kiswahili alikijua kidogo. Alisema na Bombay kwa Kihindustani, tena Kihindustani cha kambini. Basi neno la Sheikh lilitoka kinywani mwake, likaingia katika sikio la Bombay, likageuzwa Kihindustani, likageuzwa tena Kiingereza kichwani mwa Speke. Lilivuka mipaka miwili kabla ya kuandikwa.

Ikiwa Sheikh alisema Kiswahili, basi yafaa tukumbuke namna sarufi yetu inavyotenda kazi hapa. Kiambishi cha mahali -ni hakisemi kama kitu kinakwenda au kinarudi. Nyumbani ni nyumbani, mtu akiingia au akitoka, na kitenzi ndicho kiamuacho. Na kitenzi chenyewe chaweza kuteleza. Tukisema njia hii inatokea ziwani, maana yetu ni kwamba mwisho wake ni ziwani, ndipo inapotokezea. Lakini tukisema mto huu unatokea ziwani, wengi watafahamu kwamba chanzo chake ni ziwa. Kitenzi kimoja, mahali pamoja, na maji yanakwenda pande mbili zinazopingana. Maneno ya Sheikh Hamed yametufikia kwa Kiingereza tu, kwa hiyo nalitoa jambo hili kama dhana. Lakini mtu aliyefundisha Kiswahili kwa wageni hataliona kuwa dhana ya mbali.

Linalosikitisha ni yaliyofuata. Burton alisikia kwa masikio yake ushahidi wa vijana watatu wa Uvira, akauandika. Hakufika mtoni mwenyewe, kwa kuwa wapiga makasia walikataa kuendelea. Miaka sita baadaye, alipokuwa amegombana na Speke, ambaye alidai kwamba Nyanza ndiyo chimbuko la Nile, Burton aliuacha ushahidi huo akashikilia kwamba Rusizi unatoka, na kwamba Tanganyika ndilo chimbuko. Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake tarehe 15 Septemba 1864, siku moja kabla ya wawili hao kusimama mbele ya wataalamu katika mji wa Bath. Jambo likabaki kubishaniwa mpaka mwezi wa Novemba 1871, ambapo Livingstone na Stanley, wakiwa wamekutana Ujiji siku chache nyuma, walikwenda kwa mtumbwi mpaka mdomo wa Rusizi na kuona maji yakiingia. Ulimwengu ukasadiki. Vijana wa Uvira walikuwa wamesema neno lile lile miaka 13 kabla.

Ziwa liingiwalo na mito yote na lisilo na mahali pa kutokea lingekuwa la chumvi, kama Singidani. Maji ya Tanganyika hunyweka. Basi yanatoka wapi? Mwaka wa 1874 Verney Lovett Cameron, ambaye Bombay alikuwa katika msafara wake, alifika penye mto Lukuga, ng'ambo ya magharibi. Mtawala wa mahali hapo alimwambia kwamba watu wake hufuata ukingo wa mto huo kwa mwendo wa zaidi ya mwezi, mpaka unapoingia katika Lualaba. Cameron aliingia maili chache akazuiwa na matete yaeleayo, lakini alisadiki alilosikia. Stanley akaja mwaka wa 1876, akalizunguka ziwa lote, akasema maji ya Lukuga hayaendi popote. Ila alitabiri kwamba ziwa likizidi kupanda litatoboa. Joseph Thomson alipofika mwishoni mwa mwaka wa 1879 alikuta mkondo mkali unaokwenda Kongo.

Wote watatu walisema kweli. Mlango wa Lukuga ulikuwa umezibwa kwa tope na majani, ziwa likapanda mwaka kwa mwaka, na kufikia 1878 likalivunja boma hilo. Katika miaka 15 iliyofuata maji yalishuka kadiri ya meta 10, na pwani ya Ujiji ikahama mbali na mji. Edward Coode Hore, baharia na mmisionari aliyekaa Ujiji tangu 1878, aliyashuhudia mabadiliko hayo na kupima pwani za ziwa kwa uangalifu kuliko wote waliomtangulia. Ziwa halijatulia mpaka leo: mwaka wa 1964 lilipanda sana, na tangu 2020 limepanda tena na kuingia katika nyumba za watu wa Bujumbura, Uvira na Kigoma.

Kuhusu kina, habari ni fupi, kwa kuwa kamba zilikuwa fupi. Livingstone alitia bildi karibu na Kabogo mwaka wa 1869, akapata pima 326, yaani meta 596, kisha kamba ikakatika. Mbelgiji Stappers, kabla ya vita ya kwanza, alikuta zaidi ya meta 1,400; na msafara wa Wabelgiji wa 1946 na 1947 ndio ulioleta hesabu ya meta 1,470, ambayo Capart aliitia katika ramani yake ya mwaka wa 1949. Kati ya bildi ya Livingstone na ramani hiyo paliingia ubishi mmoja wa ajabu. Mwaka wa 1883 Mjerumani Böhm aliona yavuyavu ziwani, kiumbe tumjuaye baharini. Na konokono wa ziwa wana magamba mazito kama ya baharini. J. E. S. Moore, aliyekuja mwaka wa 1896 na tena 1899, akaandika kwamba Tanganyika lilikuwa sehemu ya bahari ya kale iliyofungiwa bara. Wataalamu waliofuata walikataa: viumbe hao walijigeuza wenyewe humo humo kwa urefu wa zamani. Lakini inachekesha kidogo kuona profesa akifikia kwa darubini neno lile lile ambalo mpagazi alilitumia kwa kuangaza macho: bahari.

Kwa msomaji atakaye kuona ziwa kwa Kiswahili chenyewe, ziko habari mbili zilizoandikwa. Moja ni safari ya Selemani bin Mwenye Chande, iliyomo katika mkusanyo wa Carl Velten uliopigwa chapa Göttingen mwaka wa 1901. Nyingine ni maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyeitwa Tippu Tip, ambayo W. H. Whiteley aliyatoa upya kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, 1958 na 1959. Atakayeyasoma asitarajie mshangao. Kwa Tippu Tip ziwa ni kivuko, mahali pa kungojea vyombo na kuendelea na biashara. Hakuna anayepiga kelele kwamba ameligundua.

Limebaki jina. Burton aliandika kwamba Tanganyika latokana na kitenzi chenye maana ya kukutana na kuchanganyika, yaani mahali maji yanapokutana. Stanley alilikata jina kwingine, akapata maana ya uwanda. Maelezo ya Burton hukaribia zaidi sikio la Mbantu, na mtu akikumbuka Rusizi, Malagarasi na mito mingine yote iingiayo humo, hataona ajabu. Lakini jina hilo halikuwa la ziwa zima kwa watu wote. Livingstone alipofika ncha ya kusini mwezi wa Aprili 1867 aliambiwa kwamba ziwa hilo linaitwa Liemba, na kwa muda hakujua kama ni Tanganyika au ni jingine. Ni kosa la Erhardt lililogeuzwa: huyu aliunga majina matatu akapata ziwa moja, na yule alisikia majina mawili akashuku maziwa mawili.

Jina la kusini halikupotea. Reli ilipofika Kigoma mwaka wa 1914, ilipita karibu na njia ya zamani, ikapanda ukuta wa Manyoni na kuikata Mgunda Mkali. Juu ya reli hiyo Wajerumani walipitisha meli nzima iliyofunguliwa vipande vipande na kutiwa katika masanduku yapatayo 5,000, meli iliyoundwa Papenburg na kuitwa Graf von Götzen. Iliunganishwa Kigoma, ikashushwa majini mwaka wa 1915, na Wajerumani wenyewe wakaizamisha katika mwezi wa Julai 1916 ili isitekwe. Waingereza waliiinua mwaka wa 1924, na ilipoanza kazi tena mwaka wa 1927 ilipewa jina ambalo watu wa kusini walimwambia Livingstone: Liemba.